Motokaa Itetemekayo Ikiwa Imesimama
Yafaa kutafuta sababu kabla ya kugusa skrubu ya kabureta

Kila mwenye motokaa ya zamani anaijua taabu hii. Barabarani motokaa inakwenda vizuri, wala mwenyewe hana la kulalamikia. Lakini akisimama sokoni au mbele ya ofisi, akaondoa mguu juu ya kikanyagio cha mafuta, injini huanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Vioo hulia, usukani hucheza mikononi, na mara injini huzimika yenyewe. Mwenye haraka humwita fundi wa karibu. Fundi huja na bisibisi, huzungusha skrubu moja ya kabureta mpaka injini ivume kwa nguvu, hupokea fedha zake na kwenda zake. Mtetemeko umefichika, lakini ugonjwa umebaki pale pale.

Chukua mfano wa mkulima wa Kinangop mwenye Peugeot 504 ya kubebea mizigo. Aina hii ya motokaa ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari mwaka 1975, na mpaka leo haijatoweka katika barabara za mashambani. Kila siku alfajiri mkulima huyo hupakia mitungi ya maziwa na kuipeleka kwenye chama cha ushirika, na siku ya soko huteremka Naivasha na magunia ya viazi. Injini ilipoanza kutetemeka, fundi wa kando ya barabara alikaza skrubu ya mwendo mara moja, na baada ya siku kumi akaikaza tena. Mkulima akaona kwamba petroli inakwisha upesi kuliko zamani. Akaona pia kwamba akiteremka mlima injini inaisukuma motokaa mbele, hata akiwa hakukanyaga mafuta. Jambo la tatu hakulitilia maanani: kikanyagio cha breki kilikuwa kigumu kidogo kuliko desturi yake.

Mkulima huyu atatajwa tena mwishoni. Kwanza yapasa kueleza kwa nini injini hutetemeka.

MAMBO MANNE AMBAYO INJINI HAIWEZI KUYAKOSA

Injini ya petroli yataka mambo manne: hewa kwa kadiri yake, petroli kwa kadiri yake, cheche ya moto kwa wakati wake, na nguvu ya kushindilia ndani ya kila silinda. Likipungua lolote katika hayo manne, injini haitulii.

Kwa hesabu ya uzito, kilo moja ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa ikizidi sana, mchanganyiko huwa mwepesi na pengine haushiki moto. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito, moshi huwa mweusi, na plagi hujaa masizi.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, ambao ni mwendo wa pole wa motokaa nyingi zikiwa zimesimama, kila silinda huwaka mara 400, maana huwaka mara moja tu katika mizunguko miwili. Silinda zote nne kwa pamoja huwaka mara 1,600. Basi silinda moja isipowaka, injini hukosa msukumo mmoja katika kila minne, na huo ndio mtetemeko anaousikia mwenye motokaa mikononi mwake.

Watu wengi huuliza kwa nini mtetemeko hupungua motokaa ikienda mbio. Sababu ni kwamba katika mwendo wa pole kilango cha hewa ndani ya kabureta huwa kimefungwa karibu chote, na hewa ipitayo ni kidogo sana. Tundu dogo likiingiza hewa nyingine kwa wizi, hewa hiyo huwa sehemu kubwa ya ile yote inayoingia. Dereva akikanyaga mafuta, kilango hufunguka, hewa nyingi huingia, na ile ya wizi huwa kama tone katika ndoo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba motokaa ni nzima kwa kuwa inakwenda vizuri barabarani.

SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Daktari mwema humsikiliza mgonjwa kabla ya kutoa dawa, na fundi mwema hufanya vivyo hivyo. Motokaa isimamishwe mahali palipo sawa, penye hewa ya kutosha, breki ya mkono ikazwe na gia iwe huru. Kamwe injini isiachwe ikizunguka ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kabla hajatambua hatari. Mikono mirefu ya shati na ncha za tai ziwe mbali na feni na mkanda wake.

Kisha asikilize. Ikiwa pigo linakosekana kwa mpango, kama mtu achechemeaye kwa mguu mmoja, aghalabu ni silinda moja isiyofanya kazi. Ikiwa injini inapanda na kushuka bila mpango, aghalabu shida iko katika hewa au petroli. Ikiwa inatetemeka ikiwa baridi tu, choki itazamwe kwanza. Moshi nao una habari zake: moshi mweusi ni dalili ya petroli kuzidi, wa bluu ni dalili ya oili kuungua ndani ya silinda, na mvuke mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, waonyesha kwamba huenda gasketi ya kichwa cha injini imepasuka.

CHECHE YA MOTO

Cheche huchunguzwa kwanza kwa sababu gharama yake ni ndogo. Katika motokaa za zamani zenye distributa, silinda iliyo gonjwa hupatikana kwa njia rahisi. Injini izimwe, waya wa plagi moja uchomolewe na kuunganishwa na plagi ya akiba iliyofungwa imara kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, kisha injini iwashwe tena. Injini ikizidi kulegea, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Hivyo hivyo hufanywa kwa kila plagi, moja baada ya moja. Waya usichomolewe kwa mkono mtupu injini ikiwa inazunguka, maana umeme wake ni mkali, na waya ulioachwa ukining'inia unaweza kuharibu koili.

Baada ya hapo plagi zote zifunguliwe na kupangwa mezani kwa taratibu ya silinda zake. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu au ya kijivu ni nzima. Yenye masizi makavu meusi yaonyesha petroli imezidi. Iliyolowa oili yaonyesha kwamba oili inapenya ndani ya silinda. Nyeupe yenye dalili za kuungua yaonyesha mchanganyiko mwepesi au joto kupita kiasi. Plagi tatu zikiwa za kahawia na moja nyeusi, fundi amekwisha kujua mahali pa kutafuta.

Platini zilizo ndani ya distributa nazo huungua na kulika. Nafasi baina yake katika motokaa nyingi za zamani ni karibu milimita 0.4, nayo hupimwa kwa fila geji, yaani vile vipande bapa vya chuma vilivyoandikwa vipimo. Kifuniko cha distributa kipanguswe kwa kitambaa kikavu na kutazamwe kama kina ufa, kwa kuwa umeme hupita katika ufa ulio mwembamba kama unywele, hasa asubuhi za ukungu. Tena nyaya zirudishwe mahali pake hasa. Katika injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, silinda huwaka kwa taratibu ya 1, 3, 4, 2, na nyaya mbili zikibadilishana nafasi injini itatetemeka vibaya kuliko mwanzo.

PETROLI

Wakulima wengi huweka petroli katika madebe na mapipa. Usiku baridi hugeuza unyevu wa hewa kuwa matone ndani ya pipa, na maji hukaa chini kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Mwenye kumimina mpaka tone la mwisho hujimiminia maji hayo ndani ya motokaa yake. Basi yafaa kuacha kidogo chini ya pipa, na kuchuja kila inapomiminwa.

Kuna pia hila ya watu wenye tamaa, wanaochanganya petroli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, hivyo injini huwaka kwa shida, hutoa moshi na kutetemeka. Madhara ya uchanganyaji yalikuwa makubwa hata Serikali ya Kenya ikaweka mwaka 2018 ada ya shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida. Mwenye motokaa iliyoanza kutetemeka siku ile ile aliyonunua petroli mahali pageni hana haja ya kutafuta mbali.

Katika kabureta mna kijitundu chembamba sana kipitishacho petroli ya mwendo wa pole peke yake. Chembe moja ya kutu yatosha kukiziba. Dalili yake ni kwamba injini hukataa kabisa kutulia, lakini ikikanyagwa huenda vizuri. Kijitundu hiki husafishwa kwa kupulizwa upepo, hata kwa pampu ya baiskeli. Kisichokolewe kwa waya, maana waya hukipanua, na tangu siku hiyo motokaa itakunywa petroli bila kiasi.

HEWA IINGIAYO KWA WIZI

Hewa ya halali hupita katika filta na kabureta. Hewa ya wizi hupenya katika gasketi iliyolegea chini ya kabureta, katika maungio ya bomba la kuingizia hewa, au katika mipira iliyopasuka. Pengine husikika sauti nyembamba ya kufyonza, kama mtu avutaye hewa kwa meno. Kuna mafundi wanaonyunyizia petroli juu ya maungio ili waone kama injini itabadilika sauti. Desturi hii ni mbaya, maana imekwisha kuchoma motokaa na watu. Yatosha kupaka maji kidogo kwa brashi ndogo, injini ikiwa haijapata moto sana, mbali na nyaya za umeme. Pale penye tundu maji hufyonzwa, na kwa nukta chache sauti ya injini hubadilika.

Katika mipira yote, mmoja wastahili kutazamwa kuliko mingine. Ni ule mnene utokao kwenye bomba la kuingizia hewa mpaka kwenye chombo cha kusaidia breki. Chombo hicho hutumia nguvu ya kufyonza ya injini kumwongezea dereva nguvu za mguu. Mpira huo ukipasuka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: hewa ya wizi huingia katika injini ikaanza kutetemeka, na breki hupungukiwa na msaada wake. Breki bado zipo, lakini dereva atalazimika kukanyaga kwa nguvu nyingi zaidi, na motokaa yenye shehena itasimama mbali kuliko alivyotazamia.

Kuna njia rahisi ya kupima. Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage breki mara nne au tano mpaka kikanyagio kiwe kigumu. Kisha akikandamize kwa mguu na kuwasha injini. Kikanyagio kikishuka kidogo chini ya mguu, chombo kinafanya kazi. Kisiposhuka, au injini ikibadilika sana kila breki inapokanyagwa, motokaa hiyo isipelekwe mlimani mpaka itengenezwe.

NGUVU YA KUSHINDILIA

Ikiwa cheche, petroli na hewa ni sawa, yabaki nguvu ya kushindilia. Fundi mwenye geji yake huifunga mahali pa plagi na kusoma kila silinda. Asiye na geji, lakini motokaa yake ina hendeli, aweza kuizungusha polepole, umeme ukiwa umefungwa na gia ikiwa huru. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi nyuma isimvunje. Katika mizunguko miwili atasikia ukinzani mara nne. Ukinzani mmoja ukiwa laini kuliko mitatu mingine, silinda hiyo inavuja.

Ili kujua inavuja wapi, kijiko cha oili humiminwa katika tundu la plagi na kipimo hurudiwa. Nguvu ikiongezeka, ringi za pistoni zimekwisha. Isipoongezeka, kosa liko katika valvu au gasketi. Yafaa kukumbuka pia kwamba petroli yenye risasi ilikuwa kinga kwa makalio ya valvu za baadhi ya injini za zamani. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na ni jambo jema, maana risasi hudhuru akili za watoto. Lakini katika injini hizo nafasi ya valvu huweza kupungua kidogo kidogo mpaka valvu isifunge sawasawa. Basi nafasi hiyo ipimwe mara kwa mara kwa hesabu iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa.

SKRUBU HUJA MWISHO

Baada ya hayo yote, na si kabla, ndipo bisibisi iguse kabureta. Injini iwe imepata moto, choki iwe imefunguliwa, na filta ya hewa iwe safi na mahali pake. Aghalabu kuna skrubu mbili: moja ya mwendo na moja ya mchanganyiko. Kwanza skrubu ya mwendo iwekwe mpaka injini izunguke kwa pole. Kisha ile ya mchanganyiko ikazwe taratibu mpaka injini ianze kusitasita, halafu ifunguliwe mpaka mahali injini inapokwenda upesi na kwa utulivu kuliko pengine pote. Mwisho, skrubu ya mwendo irudishwe kwenye kipimo chake. Ile ya mchanganyiko isikazwe kwa nguvu mpaka mwisho, maana ncha yake ni kama sindano, na ikiharibika haitapimika tena.

Kazi hii ifanyiwe mahali motokaa inapokaa. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko hewa ya pwani: Nairobi hewa hupungua kwa kama sehemu moja katika sita, na Eldoret kwa kama sehemu moja katika tano. Kabureta iliyopimwa Mombasa ikipandishwa bara hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kwa hiyo mtu aliyenunua motokaa pwani asishangae ikitoa moshi mweusi akifika nyumbani kwake milimani.

MOTOKAA ZA SIKU HIZI

Motokaa nyingi ziingiazo nchini sasa hazina kabureta wala platini. Petroli hupulizwa kwa vinyunyizio, na kompyuta ndogo ndiyo ipimayo kila kitu. Hapo mwenye motokaa asichomoe waya wowote kwa kubahatisha. Fundi huunganisha chombo cha kusomea, nacho humwonyesha nambari ya kosa. Walakini nambari si hukumu. Ni shahidi tu. Chombo kikisema mchanganyiko ni mwepesi, sababu yaweza kuwa mpira uliopasuka, filta ya petroli iliyoziba, au kipimio cha hewa kilichochafuka. Hapana budi fundi atazame kwa macho yake kabla ya kumwuzia mtu kipuri cha bei kubwa. Yale mambo manne hayakubadilika.

YALIYOMPATA MKULIMA

Sasa mkulima wa Kinangop. Katika mfano huu, mara ya tatu hakurudi kwa fundi wa bisibisi, bali alikwenda kwa fundi mzee asiye na haraka. Mzee hakufungua kitu chochote. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga breki mara tatu, akasikiliza. Kila alipokanyaga, injini iliyumba. Akainama chini ya boneti na kupitisha vidole juu ya ule mpira mnene, na upande wa chini, pasipoonekana kwa macho, akakuta ufa wenye urefu wa ukucha. Akafunga mpira mpya, akarudisha skrubu zote mahali pake, na injini ikatulia.

Kazi yote haikupita nusu saa, na gharama ilikuwa ndogo kuliko petroli iliyokuwa imepotea. Lakini petroli haikuwa jambo kubwa. Kwa wiki kadhaa mkulima alikuwa akiteremka kutoka Kinangop na magunia ya viazi, na pengine jirani zake wameketi juu ya magunia hayo, breki zake zikiwa zimepungukiwa na msaada, na injini iliyokazwa skrubu ikimsukuma mbele. Mtetemeko ndio uliokuwa ukimwonya, naye alilipa fedha mara mbili ili onyo hilo linyamazishwe.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye motokaa aliye na busara, injini yake ikianza kutetemeka, amwulize fundi swali moja kabla ya kumruhusu kushika bisibisi: sababu ni nini? Fundi akiweza kuijibu na kuionyesha kwa kidole, apewe kazi. Asipoweza, motokaa ipelekwe kwa mwingine.